Mwezi Mpevu na Kitoweo cha Ndagala

Mke wa askari polisi, mgeni mtaani Buyenzi, Bujumbura, aligombana na mchuuzi wa ndagala. Juma lililotangulia fungu liliwatosha watoto wanne. Sasa, kwa fedha ile ile, halikuwatosha wawili. Akamwita mwizi. Jirani yake, mama wa makamo, akamwambia, "Tazama juu, mwanangu." Mwezi ulikuwa umepevuka.

Katika Ziwa Tanganyika, uduvi na vijidudu vya majini hujificha vilindini mchana visionekane na samaki. Usiku hupanda juu kula, na ndagala huvifuata. Giza likitanda, wavuvi huwasha taa juu ya maji, ndagala wakaikusanyikia, ndipo wavu huinuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikienea ziwa zima, taa hupoteza mvuto wake, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Karabai nyingi zimekwisha kupisha taa za betri, lakini nazo hazijaushinda mwezi.

Tangu hapo mwanamke yule hununua ndagala wengi siku za giza, akawaanika juani na kuwahifadhi pakavu. Mumewe, mtu wa lindo la usiku, huupenda mwezi mpevu kwa sababu zake. Mchuuzi aliombwa radhi. Akacheka, ila bei hakupunguza.