Hema la Familia Chini ya Milima ya Udzungwa

Familia nyingi za kwetu husafiri pamoja kwa mambo mawili tu: msiba na harusi. Watoto wanakua wakimfahamu tembo kwa kumwona kwenye kalenda ya ukutani, na hali mbuga ziko njiani wanakopita kila Desemba kwenda kwa bibi. Mwezi huu napenda tuende Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hapo baba, mama na watoto wanaweza kukaa siku mbili au tatu bila gharama ya hoteli, mradi wawe na hema. Na kwa kuwa safari ya namna hii husimama au kuanguka kwa hema lenyewe, nitaeleza pia jinsi ya kulichagua.

NJIA YA KWENDA

Kutoka Dar es Salaam hadi mji mdogo wa Mikumi ni kilometa 300 hivi. Kabla ya kufika, barabara kuu hukatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50, kwa hiyo watoto wakae dirishani. Mara nyingi twiga, pundamilia, swala na nyani huonekana pale pale barabarani. Mikumi mjini mnaiacha barabara ya Iringa na kukata kushoto. Mnavuka mto Ruaha Mkuu karibu na Kidatu, mnaingia katika mashamba ya miwa ya Kilombero, na baada ya kilometa 60 hivi tangu Mikumi mko Mang'ula. Wasio na gari hupanda mabasi ya Ifakara, ambayo hupita hapo.

Kulia kwenu mlima umesimama kama ukuta, umevaa msitu tangu miguuni. Kushoto ni bonde la Kilombero, nchi ya miwa na mpunga. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Huku si mahali pa kuzunguka na gari. Msitu huu hutembelewa kwa miguu pamoja na mwongozaji. Hilo ndilo jema lake kwa familia, maana hakuna anayesinzia kiti cha nyuma.

Watoto wakubwa wanaweza kupanda hadi maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka meta 170. Njia yake huanzia kijiji cha Sanje, kabla hujafika Mang'ula, nayo huchukua sehemu kubwa ya siku. Kwa wadogo yako maporomoko ya Prince Bernhard, mwendo mfupi tu kutoka ofisi ya hifadhi. Juu ya miti mtawaona mbega wekundu, na mkibahatika, kima wa Sanje. Kima wa Sanje anaishi katika milima hii tu. Kima huyo wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ingawa wanakijiji walikuwa wakimjua tangu zamani.

HEMA HUPIMWA USIKU

Bonde la Kilombero linajulikana pia kwa mvua nyingi na kwa mbu. Watafiti wa Ifakara, mji ulio mbele kidogo, wamechunguza malaria na vyandarua kwa miaka mingi, nao hawakuchagua mahali hapo bila sababu. Kwa hiyo mama anayenunua hema la kwenda huko ananunua vitu vitatu kwa pamoja: nyumba, paa na chandarua. Dukani muuzaji atakuonyesha rangi na madirisha. Wewe fikiria saa nane za usiku, mvua inanyesha na mtoto anataka kujisaidia. Halafu uliza maswali manne.

La kwanza: Tutaenea? Hema lililoandikwa watu wanne huhesabu watu wanne waliolala wamebanana bega kwa bega, bila hata begi moja. Pima kwa futi ya fundi cherehani. Godoro la baba na mama la futi 4 ni sentimeta 120. Watoto watatu, sentimeta 60 kila mmoja, ni 180. Hapo tayari meta 3 zimekwisha na mabegi bado yako nje. Kanuni rahisi ni hii: hesabu watu wa familia, kisha ongeza wawili. Familia ya watu watano itafute hema la watu saba au wanane. Urefu wa kwenda juu nao una maana kwetu wanawake. Katika hema la sentimeta 180 au zaidi utasimama ufunge kitenge chako kwa heshima, utambadilisha mtoto nguo, utanyonyesha umeketi kwenye kiti. Linalokulazimisha kutambaa litakuuma mgongo siku ya pili. Kama kuna watoto wakubwa wa kiume na wa kike, chagua lenye pazia la kugawa vyumba.

La pili: Nani atalisimamisha? Hapa ndipo akina mama wengi huumia. Nimewahi kuona katika safari ya familia za kanisani kwetu mahema mawili yakisimamishwa jioni moja. Moja lilikuwa kubwa kama la harusi, lina mabomba ya chuma yasiyo na alama. Mpaka giza linaingia, baba alikuwa bado anajaribu bomba hili na lile, mama ameshika tochi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, na maneno yao hayakuwa tena ya upole. Jirani yao, mama mmoja na binti yake wa miaka 12, walisimamisha lao la mviringo kwa robo saa, wakabandika chai. Hema la mviringo lina fito chache zinazopishana juu. Tafuta lenye fito zilizounganishwa kwa kamba ya mpira ndani, na rangi moja kwenye fito na mahali pake, hata mtoto aweze kusaidia. Kama hulifungui peke yako na mtoto mmoja, hilo si la familia yako.

La tatu: Mbu atapita wapi? Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Kila dirisha na mlango viwe na wavu mzima wenye matundu madogo. Vuta zipu zote mara tano hapo hapo dukani, kwa kuwa zipu mbovu ni mlango ulio wazi. Hema refu lenye kishikizo darini lina faida zaidi, maana unaweza kutundika chandarua chenye dawa juu ya mtoto aliye chini ya miaka mitano au mama mjamzito. Hao ndio malaria huwadhuru kuliko wengine. Zipu zifungwe kabla jua halijazama. Tafadhali usipulize dawa ya mbu ndani huku watoto wamelala.

La nne: Maji yatapita wapi? Hema zuri lina ngozi mbili: ya ndani inayopumua, na kifuniko cha juu kinachoshuka karibu na ardhi. Usitazame kifuniko kidogo kama kofia. Kwenye lebo kuna kipimo cha kuzuia maji kwa milimita. Milimita 2,000 au 3,000 zinatosha kwa mvua zetu, lakini 800 utaloa. Mishono iwe imebandikwa utepe kwa ndani. Sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta na kupanda kidogo kama beseni. Hata kwenye mvua acha matundu ya hewa wazi, kwa sababu pumzi za watu watano hugeuka maji yanayodondoka asubuhi. Nenda kati ya Juni na Oktoba, wakati wa ukavu. Likizo ya Juni inafaa sana.

JAMBO MOJA BILA MJADALA

Kama muuguzi nasema hili kwa msisitizo. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata likiwa limebaki makaa tu, hata kama kuna baridi au mvua. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na wanaoivuta husinzia wasiamke tena. Pikeni nje, mbali na kitambaa. Chakula nacho kilale ndani ya gari au kwa walinzi. Nyani akinusa mkate atachana hema jipya kwa dakika moja.

KABLA NA BAADA

Kabla ya safari, simamisheni hema uani mara mbili, mara ya pili bila baba. Mwagieni ndoo ya maji juu yake, kisha mwingie ndani mtazame. Ongezeni vigingi vya chuma, kwani vile vinavyokuja na hema hupinda. Nabii Isaya, katika sura ya 54, anapomtia moyo mwanamke apanue mahali pa hema lake, hamwachi bila kumkumbusha kamba na vigingi. Nafasi bila vigingi huondoka na upepo.

Mkirudi nyumbani, anikeni hema juani mpaka likauke kabisa ndipo mlikunje, la sivyo ukungu utalila. Tena, mama, tia alama kwenye kalenda siku mliyorudi. Malaria haionekani siku ile ile mbu anapouma; huchukua siku saba na mara nyingi zaidi. Mtoto akipata homa wakati wowote katika mwezi unaofuata, usimpe dawa ya maumivu na kungoja. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na mwambie mganga kwamba mlilala Kilombero.

Bwana awalinde mnapotoka na mnaporudi.