Karatasi Tatu kwenye Njia ya Ntoto

Goma tuliiacha alfajiri, magunia ya chumvi na katoni za sabuni zikiwa zimefungwa kamba nyuma ya Land Cruiser ya mfanyabiashara mmoja. Mimi nilikuwa sijawahi kufika Ntoto, kule Masisi inakopakana na Walikale. Hadi Sake safari ilikuwa nyepesi, Ziwa Kivu likiwa upande wetu wa kushoto. Kutoka hapo tukaanza kupanda milima ya malisho, ng'ombe wametapakaa huku na huku, na barabara ikawa udongo mtupu.

Shofa alikuwa na bahasha yenye karatasi tatu.

"Papa, gari ni moja, karatasi tatu za nini?" nikamwuliza.

"Mama, gari ni moja, lakini hasara si moja."

Ya kwanza ilikuwa asiransi. Nchini Kongo, tangu sheria ya 1973, kila mwenye gari anatakiwa kuwa nayo. Kwa miaka mingi iliuzwa na SONAS peke yake, shirika la serikali lililoundwa 1966, hadi sheria ya 2015 ilipofungulia mlango kampuni binafsi. Asiransi hii ya lazima humlipa mtu wa nje: ukimgonga mpita njia au ukibomoa ukuta wa jirani, yeye ndiye anayefidiwa. Gari lako mwenyewe halimo, mpaka ulipie asiransi kubwa zaidi inayotaja ajali, moto au wizi.

Ya pili ilikuwa garanti ya kiwanda, inayokuja pamoja na gari jipya bila malipo ya ziada. Kiwanda kinaahidi kutengeneza kilichoharibika kwa ubovu wa kazi yake, ndani ya miaka au kilomita zilizoandikwa. Ya tatu ndiyo garanti ya nyongeza. Hiyo hununuliwa kando, na kwa kawaida huanza kazi ile ya kiwanda inapokwisha. Hulipa giaboksi ikijifia yenyewe, au waya wa umeme ukikatika ndani. Matairi, breki na vingine vinavyoisha kwa kutumika, hapana. Ajali, hapana. Na usipoonyesha risiti za sevisi kwa wakati wake, unaweza kunyimwa hata kile ulichoahidiwa.

Tulipoipita Masisi na kuelekea upande wa Walikale, msitu ukaanza kutuzunguka. Kwenye mteremko wenye matope jiwe likapiga tumbo la gari na kutoboa chombo cha oili ya injini. Shofa akazima injini mara moja, akaingia chini, akatoka mikono imelowa nyeusi.

Ndipo nilipoelewa maneno yake. Asiransi ya lazima haikuhusika, kwa kuwa hakuna mtu wa nje aliyeumia. Garanti ya kiwanda haikuhusika, kwa kuwa jiwe si ubovu wa kiwanda. Garanti ya nyongeza nayo iliandika wazi kwamba pigo la kutoka nje halimo, na kwamba matengenezo yafanyike katika garaje iliyokubaliwa. Garaje hiyo ilikuwa Goma.

Gari likabaki na shofa. Mizigo ikaendelea kwa pikipiki, na pale pikipiki zilipokwama, kwa migongo ya vijana wa vijiji vya njiani, waliolipwa papo hapo. Ntoto tuliingia kwa miguu, tukapokewa kwa maji ya kunawa na sahani ya muhogo.

Sisemi garanti ya nyongeza ni bure. Kwa mwenye gari linalozunguka mjini, karibu na fundi anayetambuliwa, inaweza kumwokoa siku injini inapokufa. Lakini kabla ya kutoa pesa, uliza: inaanza lini, inakataa nini, inakubali barabara gani, na fundi wake yuko wapi? Anayefanya biashara ya Ntoto aanze na hilo la mwisho. Kama fundi yuko mbali kuliko gari linavyoweza kuvutwa, pesa hiyo ni heri inunue vipuri na kumlipa mekanisie wa kusafiri naye.