Pikapu Ilipochaguliwa kwa Mzigo

Mpwa wangu ni mkulima wa Ismani, Iringa, kijana mchapakazi ambaye amenunua mashine ya kupukuchua mahindi. Mavuno yakifika anataka kuzunguka nayo shamba kwa shamba, na msimu ukiisha gari hilohilo libebe mbolea, mbegu na mahitaji ya nyumbani. Juzi alinitumia picha ya pikapu ya milango minne iliyokuwa kwenye yadi moja Dar es Salaam, nyeupe, inang'aa mpaka matairi. Chini yake ameandika: "Mjomba, hii inavuta tani tatu na nusu. Nilipie?"

Nikampigia simu nikamuuliza kama mashine yake ina breki. "Breki ya nini, Mjomba? Breki si ziko kwenye gari?"

Jibu hilo limenikosesha usingizi. Babu yake mzaa mama, ambaye ni baba yangu, asingelitoa, na si kwa kuwa alikuwa na elimu ya kumzidi mjukuu wake. Zamani pale Iringa mtu hakununua pikapu kabla ya kupita dukani kwa mzee mmoja wa spea, na huko alifundishwa.

Baba alinunua Pijo 404 kwa mkulima aliyekuwa anahama Ismani. Kadi ya gari, ambayo ninayo mpaka leo, inaonyesha lilihamishiwa jina la baba mwaka 1975. Mama anashikilia kwamba lilikuja kabla ya hapo, kwa sababu anakumbuka walikwenda kuhemea nalo njaa ilipobana kabla ya mwaka huo. Iwe kadi ina haki au mama ana haki, neno la mzee wa spea lilitangulia ununuzi.

Duka lake lilikuwa karibu na soko kuu, chumba kirefu chenye kiza, rafu za mbao zimepanda mpaka darini. Ukivuka kizingiti ulipokewa na harufu: mpira mpya wa mikanda ya feni, grisi ya kopo, mafuta ya breki, na karatasi za nta zilizofungia beringi. Harufu hiyo sijaikuta tena popote. Maduka ya spea siku hizi yananuka plastiki, na boksi ukilifungua huna uhakika kama kilichomo ndicho kilichoandikwa juu yake.

Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Iringa. Mteja akiingia alimwahi kwa "Kamwene", kisha wakajuliana hali ya watoto na ya mvua kabla ya jambo jingine lolote. Magari hakuuza, na ushauri wake hakuutoza hata senti. Lakini ukimtajia kwamba unatafuta pikapu, aliweka kalamu chini na kuuliza maswali yaleyale kila siku, kwa mpangilio uleule. Utabeba nini? Utapita wapi? Likikufia usiku mlimani Nyang'oro, nani atalitengeneza, na spea ataipata wapi? Jina la gari hakutaka kulisikia mpaka umeyajibu yote matatu.

Mwenye shamba la tope jeusi alimwelekeza kwenye Landrova 109: ina gia nzito ya kujinasulia na bodi ya aluminiamu isiyoliwa na kutu, ingawa petroli itainywa. Baba alimwambia anabeba mahindi kwa njia ya vumbi na mawe, na kwamba fundi wa mtaani kwetu alikuwa ameshafungua Pijo nyingi. Mzee akaridhika. Pijo 404 ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,618, imelazwa ubavu chini ya boneti. Gia yake ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo mbele walikaa watu watatu bila kubanana magoti. Betri ikifa, ulichomeka hendeli mbele ukazungusha. Saluni ya aina hiyohiyo ndiyo Bert Shankland, mkazi wa nchi hii, aliyoshindia mbio za magari za Safari mwaka 1966 na tena 1967, na watu walikuwa bado wanaisimulia. Mzee wa spea hakujali mbio. Aliinama nyuma ya gari akahesabu mabapa ya springi, akasema, "Pikapu inunue kuanzia nyuma. Mbele utapapenda tu."

Baada ya mavuno ya kwanza baba alichomelewa tela la magurudumu mawili kwa ekseli ya gari bovu. Mzee aliposikia, aliagiza liletwe likiwa na mzigo. Hilo nililiona kwa macho yangu. Aliazima mizani ya magunia kwa mfanyabiashara wa nafaka wa jirani, akaiweka chini, akaamuru ulimi wa tela uegeshwe juu yake. Tela na magunia yake matano vilikuwa kama kilo mia sita kwa pamoja, lakini mizani haikusogea. Magunia yalikuwa yamerundikwa nyuma ya ekseli, na ulimi ulikuwa unataka kupaa. Akawaita vijana wawili wakasogeza magunia mbele, moja baada ya jingine, mpaka mizani ikasoma kilo sitini. "Sehemu moja ya kumi," akamwambia baba. "Ikipungua, tela linakunyanyua matako ya gari, matairi ya nyuma yanakosa kushika, na ukishika kasi tela linaanza kutikisika kushoto na kulia mpaka likuangushe. Ikizidi sana, linakukandamiza nyuma, usukani unakuwa mwepesi mikononi."

Baada ya hapo tela lilifungwa kwenye Pijo. Mzee akalala chali chini ya gari, na kanzu yake ya dukani, akapima kwa shibiri nafasi iliyobaki kati ya ekseli na mpira wa chini ya chesisi. Alipoinuka alimpa baba masharti. Tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa gari lenyewe. Kilo sitini za ulimi zihesabiwe ndani ya mzigo wa bodi, maana springi haijui kama uzito umetoka kwenye gunia au kwenye tela. Na mlima ushukwe kwa gia ile ambayo ungeupandia, injini ndiyo ishike gari, mguu wa breki uguse na kuachia.

Anayeujua mteremko wa Kitonga haelezwi sababu ya sharti hilo la mwisho. Pale, dereva aliyelalia breki kuanzia juu alianza kusikia harufu ya kuungua kabla ya kona za katikati, na baada ya harufu kanyagio lilizama mpaka sakafuni. Baba alilipeleka tela lile Kitonga miaka mingi, na halikuwahi kumsukuma.

Miaka ya themanini ilikuja na 504, na Hilux za dizeli, injini ngumu zisizo na makuu. Mzee wa spea akajifunza vyuma vipya, maswali hakuyabadilisha. Hilux ilipita mtihani wake kwa urahisi: chesisi ya ngazi, springi za bapa, pampu ambayo fundi yeyote aliyetulia aliweza kuifungua. Baadaye ikaja Land Cruiser, ile mliyoibatiza mkonga, na injini yake ya lita 4.2 isiyo na turbo. Sijaona gari la kazi kuishinda. Lakini bei yake iliipeleka kwa serikali na kwenye miradi, mkulima akabaki kuiangalia ikipita na vumbi lake.

Kisha soko likafunguka, magari yakamiminika, mzee akafariki, watoto wake wakahamia nje, na duka likavunjwa kupisha ghorofa. Wenye mizigo midogo wakapata kirikuu na guta, nao nawapongeza, kwa kuwa walichagua kwa mzigo. Wenye uwezo wakakimbilia milango minne. Na hapo ndipo ninapokasirika. Gari la kazi limegeuzwa vazi. Watu wanauliza skrini, rimu na rangi ya viti. Kitanda cha nyuma kimekatwa kupisha viti vya abiria, mzigo unaning'inia nyuma ya ekseli, halafu panafungwa tela juu ya hayo. Hakuna anayeinama kutazama springi, kwani picha ya simu haina uvungu.

Sasa niseme kuhusu hizo tani tatu na nusu. Ni kweli, Ranger na D-Max za sasa zimeandikiwa kilo 3,500. Lakini hiyo ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, vitabu vya magari hayohayo vinaandika kilo 750. Na tela zetu, za maji, za matofali na za mashine za kupukuchua, zinachomelewa mtaani bila breki, karibu zote. Kwa hiyo namba aliyoipenda mpwa wangu si yake. Ya kwake ni 750, na mashine yake, ikiwa na injini na matairi, inaizidi. Nguvu za farasi hazibadilishi jambo hilo. Kuvuta tambarare gari lolote litavuta. Mtihani ni kusimama mteremkoni wakati ng'ombe wameingia barabarani.

Nimemwambia ayajibu yale maswali matatu kwanza. Ameyajibu, na majibu yake yanamwelekeza kwenye pikapu ya milango miwili, kitanda kirefu, springi za bapa, injini ambayo mafundi wa Iringa wanaifahamu, hata kama rangi imechujuka. Fedha itakayobaki itengeneze breki kwenye ekseli ya mashine na kununua mnyororo wa akiba wa kuifungia, ndoano ikikatika isimwendee mtu. Amenuna kidogo, kisha amekubali.

Lakini kuna vijana wengi ambao hawana mjomba wa kumpigia. Vyuo vya VETA vinafundisha udereva na vinafundisha kuchomelea. Anayechomelea tela na anayelivuta wakae darasa moja, walipakie, wapime ulimi wake kwenye mizani, wafunge breki, kisha walishushe mlimani kwa gia nzito mbele ya mwalimu. Ni kazi ya siku chache. Na mnunuzi yeyote, kabla hajatoa fedha, aende na fundi wake, aombe gari lipakiwe, alale chini alitazame likiwa na mzigo. Muuzaji akikataa, aondoke.