Daftari la Wasioweza Kungoja

Wanaosimulia miaka ya mwanzo ya themanini husema maduka yalikuwa matupu. Kwa sukari, sabuni na khanga ni kweli. Lakini duka la dawa nililofanyia kazi, Ngamiani mjini Tanga, halikuwa tupu hata siku moja. Rafu zake zilijaa dawa ya zambarau ya vidonda, mafuta ya nyonyo, chumvi ya haluli, pamba na bendeji. Kilichokosekana ni kile kilichoandikwa kwenye cheti.

Mtu aliingia na cheti cha daktari chenye dawa tatu. Tukiwa nayo moja, alishukuru kana kwamba amepewa zawadi, akakunja cheti na kukirudisha mfukoni, akaenda kujaribu duka la pili na la tatu. Jioni wengine walirudi kwetu na cheti kilekile kimelowa jasho, pengine tumepokea mzigo mchana. Hatukuwa tumepokea.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Mwenye duka, mfamasia wa makamo mwenye maneno machache, alinichukua nimsaidie kaunta. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kukunja karatasi. Vibahasha vya dawa havikuwapo, kwa hiyo tulikata kurasa za madaftari ya shule na magazeti ya zamani, tukazikunja pembe tatu, tukatia vidonge, na juu tukaandika 1 x 3 kwa kalamu ya risasi. Chupa ya dawa ya maji mteja alikuja nayo kutoka nyumbani, imeoshwa kwa maji ya moto.

Sababu za uhaba ule tulizijua hata sisi vijana, maana Tanga zilitugusa kabla ya wengine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Mombasa, ambako watu wetu walikuwa wakienda na kurudi kama kwao, ikawa nchi ya mbali. Kisha ikaja vita ya Kagera na bei ya mafuta ikapanda. Na mkonge, uliokuwa ukiuletea mkoa wetu fedha, ulikuwa umeanguka. Ukipita Muheza na Korogwe uliona mashamba yamemezwa na vichaka. Dawa zilihitaji fedha za kigeni. Hata vidonge vilivyotengenezwa humuhumu nchini, unga wake ulitoka nje. Mwenye duka alijaza fomu, akasubiri kibali, akasubiri meli. Meli ikifika ilileta klorokwini na penisilini, jambo la haki, kwa kuwa malaria na nimonia ndizo zilizokuwa zikiua watoto wengi. Mgonjwa wa kifafa, wa pumu au wa kisukari hakuonekana kwenye hesabu za waliopanga orodha. Alikuwa mmoja mtaa huu, mwingine mtaa wa tatu.

Hata klorokwini yenyewe haikutosha. Dozi ya mtu mzima ilikuwa vidonge kumi: vinne kwa mpigo, viwili baada ya saa sita, kisha viwili kesho na viwili kesho kutwa. Kina mama walimeza vinne, homa ikashuka, sita wakavifunga kwenye ncha ya khanga kwa ajili ya mtoto atakayeugua wiki ijayo. Usingeweza kuwagombeza. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini kwa sababu vimelea vimekuwa sugu. Sababu za usugu ni nyingi, lakini niliposikia habari ile nilivikumbuka vile vifundo vya khanga.

Mwenye duka alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, alilolifungia kwenye mtoto wa meza. Ndani aliandika watu wa aina moja tu: wale ambao dawa yao ikikatika hawawezi kungoja. Lilikuwa na safu tano: jina, mtaa, dawa, kipimo, na ya mwisho, siku ambayo dawa aliyonayo nyumbani itakwisha. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alipitisha kidole kwenye safu ile ya mwisho na kunisomea majina. Wiki mbili kabla ya siku iliyoandikwa tulianza kutafuta. Maduka mengine yalianza kutafuta siku mgonjwa alipokuja mikono mitupu, na hapo ilikuwa imechelewa.

Kutafuta kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi yangu. Nilipewa baiskeli. Nilikwenda kwenye maduka mengine ya dawa mjini na orodha ya dawa tulizokuwa nazo za ziada: sisi tuna tetrasaiklini, nyie mna efedrini? Tulibadilishana bila kugusa pesa, kisha kila upande ukaandika. Kwa wenzetu wa Korogwe na Lushoto tulituma barua kwa utingo wa basi. Jioni basi likirudi, utingo alinikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa uzi wa katani. Sikumbuki utingo aliyewahi kupoteza hata kimoja. Na zilikuwapo familia zilizofiwa. Baada ya arobaini, mara nyingi mjane au mtoto wa marehemu alikuja na mfuko wa dawa zilizobaki, akauweka kaunta, akasema, "Huenda zikamfaa mwenzake." Mwenye duka alizikagua moja moja. Zisizo na jina wala tarehe alizitupa palepale, hata kama zilifanana na tunazozitafuta.

Kifafa ndicho kilichonifunza ugumu wa jambo hili. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi kutoka upande wa Mwarongo, alikuwa akitumia fenobabitoni, na fenobabitoni ilikuwa imekauka mji mzima. Mama yake alifika na kile kikaratasi chetu cha pembe tatu.

"Shikamoo, baba. Vimebaki hivi tu."

"Marahaba, mama. Hebu nihesabie."

Alivimimina kiganjani. Mwenye duka alimwambia asimpe kama kawaida mpaka viishe halafu akae bure. Ubongo uliozoea dawa ile ukinyimwa ghafla huweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo huua. Akampangia namna ya kupunguza kidogo kidogo, nusu kidonge kwa nusu kidonge, ili kile kidogo kimfikishe mbali huku sisi tukitafuta. Akamwambia pia kijana asiingie ngalawani wala asikae karibu na moto peke yake mpaka dawa ipatikane. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza kama mganga angeweza kusaidia wakati wa kungoja. Jibu lilikuwa, "Kwa mganga nenda, mama, ukitaka. Lakini nusu kidonge asikose." Naliheshimu jibu lile mpaka leo. Katika miaka ile wenye kifafa walifichwa, walitengewa hata vyombo vya kulia. Mwenye duka alikuwa akinisimulia habari za Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa na kuwatibu watu kwa fenobabitoni hiyohiyo, dawa rahisi na ya zamani kuliko sisi sote. Fenobabitoni ya yule kijana ilipatikana Lushoto, ikaja na basi.

Kisukari kilikuwa na mtego mwingine. Insulini inataka baridi, na umeme ulikatika, na mafuta ya taa ya friji yalipangiwa foleni. Alikuwapo binti wa shule ya msingi, Barabara ya Kumi na Mbili, ambaye bibi yake aliihifadhi insulini kwenye kijungu cha udongo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga, na mchanga ule aliumwagia maji asubuhi na jioni. Ukitia mkono ndani ulihisi ubaridi. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, wakilichemsha kwenye sufuria ndogo isiyopikiwa kitu kingine, na sindano zenyewe za chuma zilinolewa kwenye kibao cha jiwe zilipokuwa butu. Yule bibi hakujua kusoma. Alijua kuhesabu mistari ya kwenye bomba: kumi asubuhi.

Insulini yetu ilikuwa ya nguvu ya 40, yaani yuniti 40 kwa mililita, na bomba lilikuwa la Kiingereza, lenye mistari ishirini kwa mililita. Kila mstari ni yuniti mbili. Mistari kumi ni yuniti ishirini. Kisha ndugu wa familia, baharia, akaleta chupa mbili za insulini kutoka London. Furaha ikajaa nyumba. Bibi, kwa bahati njema, alikuwa na desturi ya kutoanza chupa yoyote kabla haijapita kwenye kaunta yetu. Mwenye duka aliigeuza chupa moja kwenye mwanga wa mlango, akaisoma, akaisoma tena, akaniita nisome na mimi. Ilikuwa imeandikwa 100. Uingereza ilikuwa imeanza kuhamia nguvu hiyo mwaka 1983, na bomba jipya lake. Chupa ilikuwa imesafiri bila bomba lake. Mistari kumi ya chupa ile kwenye bomba la bibi ingekuwa yuniti hamsini, na binti asingeamka.

Alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika kwenye kila chupa, akachora vijiti vinne. Hakuandika namba. Akamwambia bibi: "Hii ni kali, mama. Mistari minne tu, basi. Nionyeshe." Bibi alishika bomba tupu, akavuta mpaka wa nne. "Tena." Akavuta tena. Akarudishwa mara kadhaa, mbele ya wateja waliokuwa wakingoja, na hakuna aliyenung'unika. Mtu akatumwa kumwita binti shuleni, naye akaonyeshwa.

Mwaka huohuo wa 1983 ndipo ilipokuja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Wananchi wengi waliipokea kwa moyo, na nawaelewa. Walikuwa wamechoka kuona sabuni ikitokea mlango wa nyuma. Lakini wafanyabiashara waliingiwa na hofu hata wasio na kosa. Watu walitupa bidhaa usiku. Na sisi kwenye friji tulikuwa na chupa za insulini ambazo hatukuwa tukimuuzia kila aliyeingia, na chini ya kaunta mkebe wa fenobabitoni. Mtu asiyejua angesema ni bidhaa iliyofichwa.

Wakaguzi walikuja. Mmoja akafungua friji, akauliza kwa nini hizi haziko kwenye rafu. Mwenye duka hakujitetea kwa maneno. Alitoa daftari, akaliweka wazi kwenye kaunta. Kila chupa ilikuwa na jina, mtaa na siku yake. Yule mkaguzi alisoma kwa muda mrefu, akapiga mstari wa kidole chini ya jina moja, akauliza, "Huyu yuko hai?" Nikatumwa kwa baiskeli kwenda kumwita, naye akaja, mzee wa Barabara ya Saba, amevaa kanzu na ameshika bomba lake kwenye kikebe. Wakaguzi waliondoka bila kuchukua kitu. Duka jingine, ambalo mwenyewe alikuwa mtu mwema vilevile lakini hakuwa akiandika, lilifungwa kwa muda, na wagonjwa wake wakaingia kwenye daftari letu.

Kuhusu dawa za magendo nitasema kidogo. Njia za panya za kwenda Lunga Lunga, upande wa Kenya, zilikuwapo muda wote ambao mpaka ulikuwa umefungwa, na vidonge vilipita humo pamoja na dawa za meno na mafuta ya kupikia. Baadhi vilikuwa vizuri kabisa. Vingine vilifika vimemwagwa kwenye mifuko ya nailoni, rangi mbili tofauti zimechanganyika, muuzaji akiapa kuwa ni dawa moja. Mwenye duka hakuvinunua. Waliovinunua siwahukumu, walikuwa na mtoto kitandani.

Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na dawa zikaanza kurudi kwenye rafu, kwa bei ambayo karani alihitaji kuifikiria mara mbili. Katika kipindi hichohicho ulianza Mpango wa Taifa wa Dawa Muhimu, kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Zahanati na vituo vya afya vya vijijini vikaanza kupokea masanduku yaliyofungwa, dawa za mwezi mzima zimepangwa ndani. Niliyaona masanduku yale yakishushwa zahanati moja ya Muheza, na mganga wa zahanati akiyafungua mbele ya kamati ya kijiji, akihesabu kwa sauti. Yaliokoa watu wengi, sina shaka. Insulini haikuwamo, kwa kuwa sanduku haliwezi kubeba baridi, na wagonjwa wale waliendelea kuja mjini kwetu.

Mwaka 1986 nilikwenda kusomea kazi ya mfamasia msaidizi. Daftari nililikabidhi kwa kijana aliyeshika nafasi yangu, nikampitisha jina kwa jina, na nyumba mbili za mwisho nilimpeleka mwenyewe kwa miguu, ya yule bibi ikiwa mojawapo. Binti alimaliza shule, akawa mwalimu.

Nimefanya kazi katika maduka na stoo nyingi za dawa tangu hapo, nyingine zenye kompyuta nzuri sana. Zote zinaniambia kuna chupa ngapi kwenye rafu. Sijaona hata moja yenye ile safu ya tano, inayosema dawa ya mgonjwa itakwisha lini nyumbani kwake. Vijana wanaokuja kwangu kwa mazoezi ninawachorea. Wengine huona ni kazi ya ziada, nami huwaambia wajaribu kwa wagonjwa kumi tu, wa kisukari au kifafa, kwa mwezi mmoja, halafu turudi tuzungumze.