Dadangu na kazi ya 'kuandika watu'

MPENZI msomaji, je, umewahi kupata kazi mpya halafu mtaa mzima ukaamini kwamba nao umepata kazi siku hiyo hiyo? Basi nikusimulie yaliyotufika nyumbani kwetu Kaloleni, hapa Nairobi, mwaka wa 2022, wakati kitinda mimba wetu alipoajiriwa kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amehitimu shahada ya usimamizi wa wafanyakazi katika chuo kikuu cha umma. Baada ya picha na soda za mahafali, alizunguka mjini miezi 18 akitafuta kazi, hata visigino vya viatu vikaisha. Hatimaye akachukuliwa na kampuni moja ya ushauri wa masuala ya wafanyakazi. Mshahara ulikuwa wa kulipia matatu na chakula cha mchana tu, lakini mama hakuyatazama hayo. Alitangaza kanisani, kisha akatangaza tena kwenye chama cha akina mama: "Mtoto wangu sasa ndiye anayeandika watu kazi!"

Lo! Kabla ya wiki mbili kwisha, bahasha za kaki zilikuwa zimerundikana juu ya kabati la vyombo. Nilizihesabu siku moja nikapata 23. Kulikuwa na vyeti vya vijana waliomaliza kidato cha nne, vya madereva, vya mpishi mmoja, na hata vya mtu ambaye tulidhani amestaafu. Mzazi mmoja alimvuta mama kando akamnong'oneza kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba wao wangejua namna ya kushukuru.

Dada alipoziona bahasha hizo aliketi kitini bila kuvua koti. "Mama," akasema, "mimi siandiki mtu. Mimi nafungua barua za watu walioandika."

Huo ndio ukweli ambao wazazi wengi hawaujui, na wanafunzi wengi wanaosomea taaluma hii hawaambiwi mapema. Kampuni za aina hii hukodiwa na waajiri. Leo zinatafutia shirika wahasibu, kesho zinapanga ngazi za mishahara, kesho kutwa zinaandika kanuni za kazi au kumshauri mkurugenzi anayegombana na wafanyakazi wake. Anayelipa ni mwajiri, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Mhitimu mpya huanzia chini kabisa: kunakili majina, kupiga simu zisizopokelewa, kupanga faili. Juma lake la kwanza dada alipitia barua zaidi ya 400 za nafasi 3 za karani wa bohari. Alituambia kwamba nyingi ziliwekwa kando si kwa sababu mwombaji ni mjinga, bali kwa kuwa hakutaja kazi anayoomba au aliandika nambari ya simu iliyokwisha kuzimwa.

Lakini kusoma barua za wageni ni jambo jepesi. Mtihani hasa ulikuja mwezi wa tano.

Wewe unayeijua Eastlands unafahamu jinsi tulivyo jirani na Industrial Area. Asubuhi watu wa Kaloleni na Makongeni huvuka reli kwa miguu wakielekea viwandani, na jioni hurudi kwa njia ile ile. Mmoja wao ni mzee anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Huyu ndiye aliyetufundisha kabumbu uwanjani, na ndiye aliyembeba dada kwa baiskeli hadi zahanati siku alipoanguka akapasuka goti. Jumamosi moja mzee aliingia kwetu ameshika barua, akanipa akisema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti. Nisomee hii, miwani yangu imenitoroka."

Miwani yake ilikuwa mfukoni. Nadhani alitaka tu asikie maneno hayo kwa sauti ya mtu mwingine.

Ilikuwa notisi ya mwezi mmoja. Kiwanda kilikuwa kinapunguza wafanyakazi kwa kusaidiwa na washauri, na jina la washauri hao lilikuwa pale chini ya ukurasa. Ilikuwa kampuni ya dada. Niliinua macho nikamwona jikoni, amesimama na birika mkononi, hamimini wala hatui.

Mzee alipoondoka nilimgeukia kwa hasira. "Ulijua?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Kaka, tafadhali usiniulize." Nilimwambia maneno ambayo leo naona haya kuyarudia. Nilimwita mtu aliyeuza jirani yake kwa nauli ya matatu. Hakunijibu. Alinawa mikono akaingia chumbani.

Usiku ule nilifanya hesabu ya ile barua. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema kwamba anayepunguzwa kazini alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Mzee alikuwa akipata Sh1,000 kwa siku, na barua ilimhesabia miaka 7, tangu alipoandikiwa mkataba mwaka wa 2015. Jumla ni Sh105,000. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba mzee alianza kuvuka ile reli mwaka wa 2008, mara tu vurugu za baada ya uchaguzi zilipotulia. Miaka 7 ya kwanza alikuwa akiitwa kibarua, analipwa kwa siku, ingawa hakukosa hata juma moja. Na sheria hiyo hiyo inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Nilimshauri mzee aende akaulize katika ofisi ya leba.

Kabla hajaenda, waliitwa upya kiwandani. Alirudi na barua nyingine. Sasa alikuwa amehesabiwa miaka 14, na malipo yamekuwa Sh210,000. Si yeye peke yake, wenzake kadhaa pia walirekebishiwa.

"Ilikuwaje?" nikamwuliza.

"Meneja alituambia kuna msichana wa wale washauri aliyetaka aonyeshwe daftari za zamani za mishahara ya vibarua," mzee akasema. "Wakubwa wakanuna, lakini daftari zikaletwa." Akanywa chai yake taratibu. "Wewe msalimie tu dada yako."

Mpenzi msomaji, hadi leo dada hajakubali wala kukana kwamba msichana huyo ni yeye. Aliloniambia, baada ya mambo kwisha, ni moja tu: siku alipokabidhiwa kazi ile alimweleza mkubwa wake kwamba ana majirani katika kiwanda hicho. Akaondolewa katika kazi ya kuchagua majina, akaachiwa kukagua kumbukumbu. Mengine yote nimeyapata kwa mzee, naye ameniruhusu niyaandike. Nilimwomba dada msamaha. Alinijibu kwamba mzee bado amepoteza kazi, kwa hiyo nisimpongeze.

Hilo ndilo jambo ninalotaka vijana mnaosomea fani hii mlitie akilini. Mtajifunza kwamba kazi hii ni ya watu, nanyi mtafurahi kwa kuwa mnapenda watu. Lakini hutaombwa uwapende. Utaombwa ujue sheria, utunze siri, kisha umwambie anayekulipa jambo asilotaka kusikia. Ukijua sheria bila kuwa na ujasiri, utabaki mpiga muhuri. Na ukiwa na huruma bila sheria, utalia jikoni na mzee ataondoka na nusu ya haki yake.

Kwa hiyo isome Sheria ya Ajira mwenyewe, usingoje kusomewa. Tangu Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Wafanyakazi ya mwaka wa 2012, taaluma hii ina taasisi yake, usajili wake na leseni yake, basi jiandikishe mapema na ujiandae kwa mitihani yake. Ukikuta jina la ndugu au jirani katika faili, sema siku hiyo hiyo. Na karatasi za waombaji usizizungumzie kwenye matatu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazilinda, na hata isingekuwapo, heshima ingekutosha.

Nanyi wazazi, msimgeuze mtoto wenu kuwa mlango wa nyuma. Bahasha moja ikipita kwa undugu, kijana wa mtaa mwingine asiye na dada mjini ndiye anayefungiwa mlango wa mbele.

Kila asubuhi dada akienda kupanda matatu barabara ya Jogoo huupita ukumbi wetu wa Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961. Sisi tulicheza mbele ya ukumbi huo utotoni bila kujua kwamba habari za haki ya mfanyakazi zilizungumzwa hapo kabla ya wazazi wetu kuzaliwa.

Na zile bahasha 23? Dada alizirudisha zote, mlango kwa mlango, huku mama akijificha kwa aibu. Wengine walimnunia. Lakini kila mwenye bahasha alimwambia aje Jumamosi alasiri kibarazani kwetu na kalamu, amfundishe kuandika barua ya maombi. Jumamosi ya kwanza walikuja wanne. Walianza na nambari za simu.