TULIMWITA KWENYE SPIKA, KUMBE HASIKII!



Wiki hii sina habari za mapenzi wala kasheshe za nyumba za kupanga. Nina aibu yangu mwenyewe. Nimeikalia miezi, nikaona heri niiteme hapa hapa kwenye safu, huenda ikamsaidia mtu mwingine asiipate kama mimi.

Kisa kilianza hivi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024. Ulipokwisha, mtaani kwetu, huku uswahilini Ilala, watu wakaja na wazo zuri. Wakasema, kila siku tunawapigia makofi wakubwa tu, safari hii tuwatunuku wakazi wa kawaida na vikundi vinavyojitolea. Siku ikapangwa Jumamosi, Desemba 7. Unaona ilivyokaa vizuri? Desemba 3 ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, Desemba 5 ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, na Desemba 9 ndiyo Uhuru wetu. Tukachanganya vyote, tukaandika kwenye kitambaa: HAKUNA WA KUACHWA.

Mimi nikateuliwa katibu wa kamati. Si kwa busara, la hasha! Nina mwandiko mzuri, na nina cheti cha Kidato cha Nne ambacho mpaka leo kazi yake kubwa ni kunifanya niandike majina ya wachangiaji misibani.

Basi bwana, tukakaa kuchagua. Hapo ndipo utakapowajua watu. Kibosile mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema atalipia mahema na spika, ila cheti cha kwanza kiwe chake. Mjumbe mwingine akampendekeza shemeji yake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana: kikundi cha akina mama wa kikoba, ambao msiba ukitokea wao ndio masufuria, wao ndio sahani, wao ndio kuni, vijana wa bodaboda wanaowakimbiza wajawazito hospitali usiku wa manane bila kuuliza nauli, kijana muuza vocha anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ambaye jioni huwafundisha watoto hesabu bure, na fundi viatu wa kona ya msikiti.

Huyu fundi ndiye kisa chenyewe, kwa hiyo naomba nimweleze vizuri.

Ni mtu mzima wa miaka hamsini hivi. Ana mwamvuli uliopasuka, gogo la kukalia, kisanduku cha sindano na nyuzi, na kopo la gundi. Hasikii na hasemi. Mtaa mzima unamwita Fundi Bubu. Kila Januari shule zinapofunguliwa, watoto wanapanga foleni pale na viatu vyao vya shule vilivyochoka, na yeye hatozi senti. Mtaro unaopita nyuma yake anauzibua mwenyewe kwa koleo kila mvua ikikaribia. Hajawahi kuombwa.

Na mimi ananidai. Nikiwa kidato cha pili, kiatu changu cha kulia kilifumuka mbele, nikitembea kinafungua mdomo na kufunga kama kinacheka. Darasani nilikuwa nauficha mguu chini ya dawati. Siku moja nampita, akanishika mkono, akanionyesha gogo nikae. Akakishona. Nilimwonyesha mfuko mtupu, akanipungia mkono niende zangu. Alikishona tena mara tatu mwaka ule.

Kuna na deni jingine kubwa zaidi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka mvua ya Desemba 2011, ile iliyoua watu zaidi ya 40 na kuwafanya wengi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande. Sisi tulikuwa ukingoni mwa bonde la Msimbazi. Nilikuwa na miaka 13. Maji yaliingia ndani, watu wakawa wanapiga kelele, kila mtu anamwita wake, hakuna anayemsikia mwenzake. Sisi tulikuwa tunapiga kelele, yeye alikuwa anaangalia. Alimwona bibi yangu dirishani. Akapita kwenye maji yanayomfika kifuani, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Bibi alifariki miaka sita baadaye, kitandani kwake, kwa uzee. Hiyo miaka sita alitupa yule fundi.

Sasa sikiliza nilivyomlipa.

Siku ya sherehe mgeni rasmi alichelewa saa tatu, si jambo geni. Taarabu ikalia, watoto wakacheza, akina mama wa kikoba wamependeza na sare zao za kitenge. Jukwaa letu tulilipandisha juu kwa meza za shule na ngazi tatu. Akaitwa yule kijana muuza vocha. Akafika chini ya ngazi, akasimamisha baiskeli yake, akaangalia juu. Ngazi! Kwenye sherehe ya "Hakuna wa Kuachwa" tumeweka ngazi! Vijana wanne wakamnyanyua juu juu kama kabati la kuhamia. Watu wakapiga makofi. Yeye alikuwa anatabasamu kwa mdomo, macho yapo mbali. Nililiona hilo, nikajisemea, ah, yatapita.

Hayakupita. Emsii akashika maiki: "Na sasa tunamwita Fundi Buuubuuu!" Kimya. Akarudia. Spika zilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. "Fundi Bubu, njoo mbele, usione haya!" Na fundi mwenyewe yuko pale, mstari wa tatu, kanzu safi, anaangalia watoto wanaocheza pembeni. Tulikuwa tunamwita kwa spika mtu asiyesikia! Vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Fundi akaona watu wanamgeukia wanacheka, naye akageuka nyuma kutazama wanachekwa nani.

Mpenzi msomaji, umewahi kutamani ardhi ipasuke? Mimi ndiye niliyeandika ratiba. Nilikumbuka soda za mgeni rasmi, nikakumbuka hata kitambaa cha meza. Mtu wa kumtafsiria fundi sikumkumbuka. Na Shule ya Viziwi ya Buguruni, iliyoanza mwaka 1974, si mbali na kwetu, wala Chama cha Viziwi Tanzania hakijaanza jana. Ningeuliza, ningepata mkalimani. Sikuuliza.

Aliyetuokoa ni mtoto wa darasa la tatu. Mama yake anauza maandazi jirani na gogo la fundi, kwa hiyo ameikulia pale lugha ya mikono. Akakimbia, akasimama mbele ya fundi, vidole vikaenda upesi upesi. Fundi akaelewa, akacheka, akasimama. Wakapanda jukwaani wameshikana mikono.

Mgeni rasmi akampa cheti na beseni lenye sukari na khanga ya mkewe. Fundi akakisoma kile cheti. Ndiyo, anasoma! Alisoma Buguruni pale pale, akina sisi hatukujua. Akakisoma mara mbili. Kisha akamgeukia yule mtoto, akaongea kwa mikono. Mtoto akaletewa maiki, akasema kwa sauti ya kusoma shairi:

"Anauliza, huyu Fundi Bubu ni nani? Anasema yeye ana jina."

Loh! Pale uwanjani hata taarabu ilizimwa. Mwandiko ule mzuri ni wangu. Wino ule ni wangu. Niliandika "Fundi Bubu" kwa herufi za mapambo, nikazipigia na kivuli. Katika kamati nzima ya watu saba hakuna aliyejua jina lake, na hakuna aliyetembea hatua mia mbili kwenda kuuliza.

Fundi akaomba kalamu. Akakilaza cheti juu ya beseni, akakata yale maneno mawili kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika jina lake juu, majina matatu kamili. Akampa mgeni rasmi mkono, akashuka. Hakununa. Ndicho kilichoniumiza zaidi, kwamba hakununa.

Kesho yake nikaenda pale konani na cheti kipya. Mtoto wa maandazi alikuwepo. Nilipofika, nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya maisha yangu yote: nikainama, nikamwamkia. Shikamoo ya mkono kifuani na kichwa chini. Fikiria, kila asubuhi tunawaamkia wazee wa kahawa pale jirani, tukifika kwake tunapita kama tunapita mti. Eti hasikii! Kwani heshima iko sikioni?

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akamtazama yule mtoto, akafanya mkono wake hivi: vidole vinne juu, kidole gumba chini, vikifunguka na kufunga kama mdomo unaocheka. Nikauliza, anasema nini? Mtoto akacheka sana.

"Anakuita wewe. Ndiyo jina lako. Kiatu Kinachocheka."

Kumbe viziwi wana desturi ya kumpa mtu jina la mkono, kutokana na alama fulani aliyonayo au jambo walilomwona nalo. Yule mzee alinipa jina tangu nikiwa kidato cha pili. Miaka yote hiyo, nikipita, alikuwa ananijua kwa jina, na mimi nilikuwa namjua kwa kile asichoweza kufanya. Nikakaa kwenye gogo, machozi yakanitoka. Akanipa kitambaa cha kupigia kiwi nijifute. Nikatoka pale uso umekuwa mweusi, watoto wananicheka njia nzima.

Haya, sasa tuyaseme yale yenye faida.

Sisemi sherehe za kuwatunuku watu ni mbaya. Ni nzuri sana, ziendelee. Wale akina mama wa kikoba walilia kwa furaha. Mmoja ameniambia ana miaka ishirini anapika misibani na hajawahi kuambiwa ahsante mbele za watu. Vyeti vyao vimetundikwa sebuleni karibu na picha za ndoa. Nao bodaboda tangu siku ile wanaitwa waungwana, na muungwana akishaitwa muungwana anaona tabu kufanya ujinga.

Ninachosema ni kwamba cheti kisiwe ndiyo mara ya kwanza mtu kuonekana. Kabla hujamtunuku, nenda kwake. Muulize jina lake. Muulize angependa atunukiwe vipi, maana wengine hawapendi jukwaa kabisa. Kama anatembelea magurudumu, teremsha jukwaa lako chini, haligharimu kitu. Mgeni rasmi akisimama ardhini hatapungua urefu. Kama hasikii, tafuta mkalimani kabla hujatafuta spika. Na kama haoni, msomee cheti chake chote, asiondoke na karatasi asiyoijua ina nini.

Hili si suala la hisani tu. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Umoja wa Mataifa uliitangaza Septemba 23 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, ikaanza kuadhimishwa 2018. Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nikamuuliza fundi kama amewahi kuiomba. Akashangaa, mikopo gani? Basi nikakumbuka kwetu tangazo lilipita namna gani. Lilipita kwenye gari, kwa spika.

Siku hizi Jumamosi jioni tunakaa konani, mimi, bodaboda wawili na muuza vocha, yule mtoto wa maandazi anatufundisha. Ni mwalimu mkali, ukikosea anakupiga kikofi cha mkono. Najua kuhesabu, najua kusalimia, najua kuuliza bei ya soli. Mwaka huu, panapo majaaliwa, sherehe itakuwepo tena. Meza za jukwaa tumezikataa. Mimi bado ni katibu, lakini nimepewa sharti moja: kila jina nitakaloliandika, mwenyewe alihakiki kwanza.

Najua mnasubiri niwaambie fundi anaitwa nani. Siwaambii. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika hapa gazetini, akakataa kwa kichwa, akanionyesha njia ya kwenda konani kwake. Maana yake nimeielewa: anayelitaka jina lake aende akamuulize.

Na wewe, yule anayekuzibulia mtaro au kukufagilia njia pale mtaani kwako, anaitwa nani? Ukikosa jibu, weka gazeti chini, vaa ndala zako uende. Tukutane wiki ijayo.