Mlango wa Gharnata



Sote twajua kuwa kuwatendea wema wazazi ni faradhi, na tangu chuoni tumesomeshwa kuwa hata kuwaguna hatukuruhusiwa. Lakini ilimu ya mtu haipimwi chuoni, hupimwa njiani. Yangu ilipimwa katika matembezi ya siku moja, na kwa kuwa ndani yake mna mazingatio, nimeona niyaandike ijapokuwa hayanisifu.

Mimi nafanya kazi Uingereza, na wazee wangu wakaa Mombasa, ambako Baba amesomesha chuo maisha yake yote. Mwaka waliokuja kunizuru, nilimwuliza Baba angependa kuuona mji gani wa Ulaya. Nalidhani atanitajia Paris. Akanijibu neno moja tu: "Gharnata."

Gharnata ndio Granada, mji wa kusini mwa Hispania, uliokuwa makao ya dola ya mwisho ya Kiislamu katika Andalusi. Juu ya kilima chake pana ngome na majumba ya kifalme yaitwayo Al-Hamraa, maana yake "jekundu," ambayo Sultani Muhammad bin al-Ahmar alianza kuyajenga katika mwaka 1238. Wageni wanaoyazuru ni wengi mno, kwa hivyo tikiti ya majumba ya ndani huandikwa saa yake, na akawiaye haingii. Yetu ilikuwa ya saa tano ya asubuhi.

Siku ile naliipanga yote, dakika kwa dakika. Nilisahau kupanga magoti ya Mama na mkongojo wa Baba. Tulipofika Mlango wa Sharia, uliojengwa na Sultani Yusuf wa Kwanza, Baba akasimama. Akainua kichwa, akawa anasoma maandishi yaliyo juu ya mlango, herufi baada ya herufi, kwani khati yenyewe ni ya kale. Nikamwambia twende. Akasema, "Ngoja, mwanangu, hapa pana tarehe."

Nikatazama saa. Nikamjibu kwa sauti ambayo sikupata kumjibu nayo tangu kuzaliwa kwangu: "Baba, sikulipa nauli zote hizi tuje tusimame mlangoni!"

Watu wawili watatu waligeuka. Baba hakusema neno. Alishusha macho, akashika mkongojo wake, akafuata. Mama alinitazama mara moja tu, nami nikajifanya sikuona.

Tuliwahi. Ndani wageni walikuwa wametia vidude masikioni vya kuwaeleza wanachokiona, na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha kwa simu. Kuta zote zimenakishiwa tangu chini hata juu, na macho yangu yaliona maua na mapambo tu. Nikasikia sauti ya Baba nyuma yangu, akimwambia Mama: "Tazama, hapa pameandikwa kuwa hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Na hapa tena. Na pale tena." Kweli, neno lile limekaririwa kutani mara zisizo na idadi, nami nalipita mbele yake nisilisome. Bibi mmoja mgeni akamwuliza maana yake, naye akamweleza kwa Kiingereza chake kichache. Punde si punde watu sita saba wakawa wamemzunguka, wakimsikiliza. Mimi niliyejiona ndiye mwongozi wake nalikuwa nyuma yao wote.

Tukatokea katika Ua wa Simba, alioujenga Sultani Muhammad wa Tano. Una nguzo 124, na katikati yake simba 12 wa marimari wamebeba birika ya maji. Hapo Baba akamsimulia Mama khabari ya Abu Abdillahi, sultani wa mwisho wa mji ule. Katika mwaka 1482 kijana huyu alikubali kuwekwa juu ya kiti cha babake, Sultani Abul Hasan Ali, naye babake yu hai. Watu wakagawanyika, hawa wa baba na hawa wa mwana, wakapigana wao kwa wao na adui yu karibu. Baba alikufa 1485. Tarehe 2 Januari 1492 mwana akazitoa funguo za mji kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella. Sababu za kuanguka kwa Gharnata ni nyingi, na mizinga ya wafalme wale ni mojawapo. Lakini fitina ya nyumba ile iliwarahisishia kazi.

Baba alisimulia kama asimuliavyo wanafunzi wake, wala hakunigeukia hata kidogo. Lakini kila neno lilinipata.

Alasiri tulipanda basi dogo mpaka mtaa wa kale wa Albaicín, ulio kilima cha pili, kuswali katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, miaka 511 baada ya kutolewa zile funguo. Baada ya swala tulikaa katika bustani yake, na Al-Hamraa yote iko mbele yetu. Nikaushika mkono wa Baba nikaubusu, nikamwambia, "Baba, nipe radhi kwa neno la asubuhi."

Akasema, "Radhi unazo. Mimi nalilisahau pale pale."

Mama akasema, "Mimi sikulisahau." Kisha akacheka kidogo. "Ulipokuwa na miaka minne, babako alikuwa akikupeleka Ngomeni jioni. Kila mzinga sharti uuguse, na kila mzinga sharti umwulize nani aliuleta. Mizinga ile ile na maswali yale yale, kila siku. Naye alikuwa akisimama akakujibu, mpaka utake mwenyewe kwenda."

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikauliza, "Baba, ile tarehe ya mlangoni ilikuwa ipi?"

Uso wake ukang'aa. "Mwezi wa Maulidi, mwaka 749." Kumbe aliisoma yote, akaiweka mpaka aulizwe. Ndio mwaka 1348 kwa hesabu ya Kizungu.

Ndugu zangu, wengi wetu leo twawasafirisha wazee wetu, huyu kwa matibabu, huyu kwa Hija, huyu kwa matembezi, na tukishalipa nauli twaona tumemaliza. Nauli ni wema, lakini si wema wote. Aliyetungoja sisi penye kila mzinga ana haki ya kungojwa penye mlango mmoja. Na siku zaja ambapo tutakuwa na wasaa wa kungoja kutwa, na wa kungojwa hayupo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatumikia wazee wetu kwa mwendo wao, si kwa mwendo wetu. Amin.